Wimbo wa Jembe Hauimbwi Mtu Amekaa

Siku hizi wanangu hubishana sebuleni. Mmoja anataka tununue mashine ya sidii ili nyimbo zetu zikae nyumbani, mwingine anamcheka, anasema nyimbo zote za dunia zinakuja zenyewe kwa simu. Mimi huwatazama tu. Ubishi huo niliusikia zaidi ya miaka arobaini iliyopita katika duka moja la Makindu, kati ya baba na mwaitu, kama tunavyomwita mama kwetu Ukambani, na najua nani alishinda.

Mwaka huo ndengu zilikubali. Mwaitu ndiye aliyezilima, akazivuna na kuzipura. Baba ndiye aliyeziuza, kwa kuwa ndivyo desturi ilivyotaka, na kwa mara ya kwanza kukabaki kitu cha kununulia kisicholiwa. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, akija nyumbani karibu na Kathonzweni mwisho wa mwezi, na moyo wake ulikuwa kwenye redio. Alipenda vipindi vya salamu. Alituma kadi, kisha akaenda kukaa kwa jirani mwenye redio akisubiri jina lake, na likitajwa alitembea wiki nzima kama chifu.

Mwaitu alitaka rekoda ya kaseti, ile bapa yenye mpini, isiyo na redio ndani.

Alikuwa na sababu yake. Mwaitu alikuwa ngui, mwimbishaji wa mwethya. Mwethya ni kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, na miaka hiyo tulikuwa tukichimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, unarusha udongo upande wa juu, ili mvua isikuibie shamba. Kazi hiyo bila wimbo ni adhabu. Ngui huanzisha, wenzake huitikia, majembe hupanda na kushuka pamoja. Na kuna sheria moja isiyovunjwa: hakuna anayeweka jembe chini hadi ngui aufunge wimbo.

Sasa mwaitu alikuwa na uvimbe shingoni. Daktari alisema utatolewa mwezi uliofuata, na baada ya hapo asiimbe hata neno moja hadi msimu upite. Kuhusu sauti kurudi ilivyokuwa, hakuahidi. Mwaitu alitueleza haya huku akichambua mboga, kana kwamba anatueleza habari ya mtu mwingine. Lakini tangu siku hiyo aliimba kutwa, hata akikamua ng'ombe, nami nikajua anaogopa. Niliogopa pia.

Dukani vitu hivyo viwili vilikuwa vimewekwa bega kwa bega kwenye rafu, na kimoja tu ndicho tungeweza kukinunua.

"Mama watoto," baba alisema, "hii redio inaimba asubuhi mpaka jioni. Hautanunua wimbo hata moja. Hiyo ingine utailisha kaseti kila siku kama ng'ombe ya gredi."

Mwaitu alimwomba mwenye duka afungulie redio. Wimbo ulikuwa ukichezwa, mzuri tu.

"Mwambie arudie hapo nyuma kidogo," mwaitu akasema.

Mwenye duka akacheka. "Redio hairudii, mama. Ikipita imepita."

"Basi tuone hiyo ingine."

Mwenye duka akatia kaseti, akabonyeza vibonye viwili pamoja. Mwaitu akainama, akaimba mstari mmoja wa wimbo wa jembe, pale pale mbele ya magunia ya sukari. Mwenye duka akairudisha nyuma, na mashine ikamwimbia mwaitu sauti yake mwenyewe. Wateja wawili wakageuka. Mwaitu akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani.

"Lakini hizo nyimbo yako si tunasikia bure kila siku?" baba akasema.

"Na mwezi ujao utazisikia wapi?"

Baba akaitazama redio, kisha akaitazama shingo ya mwaitu. Akatoa pesa. Tulirudi nyumbani na rekoda imefungwa kwenye leso, na baba njia nzima alikuwa mtu aliyefiwa na salamu zake.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na kazi, ila nilikuwa na maringo ya kutosha wanne. Nikajifanya fundi. Siku ya kurekodi nilifunga mlango, nikafukuza watoto uani, nikamkalisha mwaitu kwenye kigoda mbele ya mashine.

"Wimbo ya jembe haiimbwi mtu amekaa," akaniambia.

"Mwaitu, hii ni mashine. Inataka utulivu."

Akanitii, kwa kuwa siku hizo mtu aliyesoma alitiiwa hata akisema upuzi. Aliimba peke yake, akiacha nafasi za kuitikiwa. Aliponiuliza kwa ishara afunge lini, nilimwonyesha aunganishe wimbo kwa wimbo tu, mpaka kanda iishe na kibonye kiruke. Katikati kuku aliingia dirishani, akatangaza yai lake kwa kelele zote, na kwa kuwa sikutaka koo la mwaitu lianze upya, tulimwacha humo.

Mwaitu akaenda hospitali, akarudi na bendeji shingoni. Aliongea kwa mikono, na wallahi sikujua mtu anaweza kugombeza hivyo kwa mikono.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya mjane mmoja, jirani yetu. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imebeba udongo wake mpaka mtoni, na mwaitu alikuwa amemwahidi mbele ya wote kwamba safari hii haitamkuta bila matuta. Lakini mwethya usio na ngui huanza kufa kidogo kidogo. Wiki hiyo nusu ya akina mama hawakutokea, huyu ana mgonjwa, yule ana mgeni. Mawingu nayo yalikuwa yameanza kujikusanya. Mwaitu alisimama kando ya shamba bila sauti, akitazama ahadi yake ikioza.

Niliweka rekoda juu ya karai lililopinduliwa ili ivume, nikabonyeza. Sauti ya mwaitu ikatoka. Akina mama walishika majembe, kisha wakaitikia hata mbuzi wa jirani wakakimbia.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili nikaanza kuusikia mgongoni. Katikati ya wa tatu nikaelewa kosa langu. Ngui wa kweli analima pamoja na wenzake. Akichoka yeye, wimbo nao unapunguza mwendo. Huyu wa kwenye kaseti alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshiba uji, hana jembe mkononi. Aliimba mbio kama anayewahi harusi. Tena hakufunga wimbo hata mmoja, kwa kuwa mimi msomi nilimwambia asifunge. Na maadamu wimbo haujafungwa, ni mwanamke gani wa Kikamba atakuwa wa kwanza kuweka jembe chini?

Tulilima. Kuku alipopiga kelele tulimwitikia pia, maana nafasi ilikuwepo. Mwenyekiti wetu, mama mzito mwenye heshima zake, alisema bila kusimama, "Huyu amekula nini leo?" Mwaitu alikuwa mwisho wa mstari akitupungia mikono miwili tupunguze. Sisi tukadhani anatuhimiza, tukaongeza.

Kibonye kiliporuka, tulianguka kama mahindi yaliyokatwa. Kisha mwenyekiti akaanza kucheka, na kicheko kikatuenea sote, mpaka mwaitu akashika bendeji yake kwa mikono miwili ili asicheke. Tulipogeuka kutazama nyuma, tuta tulilolipangia hadi adhuhuri lilikuwa limefika mwisho wa shamba, na chai ya saa nne ilikuwa haijachemka.

Mwaitu alikuja akanipokonya rekoda bila kuniangalia. Tangu hapo alisimama nayo mbele ya mstari, kidole gumba kwenye kibonye, akiisoma migongo yetu. Mabega yakilegea, alibonyeza, tukapumua. Akiona tumepata nguvu, alibonyeza tena. Alikuwa ngui bila kufungua mdomo. Waliokuwa na wagonjwa, wagonjwa wao wakapona ghafla. Waliokuwa na wageni wakaja na wageni wao. Shamba la mjane lilikwisha siku tatu kabla ya mvua.

Mvua ilipokuja, ilikuja kwa hasira. Maji yalishuka, yakafika kwenye mitaro, yakakaa. Mjane alizunguka shamba lake mvuani bila mwavuli, akahesabu mitaro iliyojaa, kisha akaja mlangoni kwetu akidondosha maji, akamshika mwaitu mikono yote miwili. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama yangu siku hiyo.

Msimu uliofuata daktari alimruhusu. Baba alikuwa nyumbani likizo, na asubuhi ile ni yeye aliyebeba rekoda hadi shambani, amenunua mawe mapya ya betri na kaseti mpya kwa hiari yake, akiwaeleza wote njiani jinsi alivyoichagua mwenyewe pale Makindu. Akaiweka kwenye karai, akasimama kando kama mwenye mali.

Mwaitu alishika jembe, akaanza. Sauti ilitoka nzito na yenye mikwaruzo, imeshuka kuliko zamani, lakini ilikuwa yake, na ilitoka. Akina mama walichelewa kuitikia kwa sababu walikuwa wakilia. Kisha wakaitikia.

"Nirekodi?" baba akauliza, kidole tayari.

Mwaitu akakata wimbo kidogo tu. "Rekodi. Halafu ukuje ushike jembe."

Baba akabonyeza, akaokota jembe, akaingia kwenye mstari kati yangu na mwenyekiti. Mwaitu akachagua wimbo mrefu kuliko zote anazozijua, na hakuwa na haraka ya kuufunga.