Raundi Moja ya Remoti

Jumamosi iliyopita nilikuwa napita mtaa wa Tena, natoka kumwona dada wa kanisa aliyejifungua, nikasikia sauti kama ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Kugeuka, namwona msichana mdogo ameshika remoti kwa mikono miwili, na gari dogo jekundu linakata kona kwenye kabro, yale matofali ya uani, za ploti yao. Kando yake ana boksi la tairi: zenye meno za vumbi, laini za kabro. Rafiki yangu, nikwambie ukweli? Nilisimama pale, mtu mzima na mfuko wangu wa vitunguu, na wivu ukanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sijui kama jambo kama hili linafaa kuandikwa. Shule niliachia darasa la nane, na mtu hajisifii wivu. Lakini wivu ule nilikuwa naujua. Ulizaliwa mtaa wa Shauri Moyo, kwenye nyumba za kaunsili zilizopangwa mistari, nilikolelewa na nyanya.

Nyanya alikuwa mjane wa mtu wa reli, na kwake usafi ulikuwa dini ya pili. Kila Jumamosi baraza yetu ya saruji ilipakwa rangi nyekundu, kisha mimi nikaisugua kwa kipande cha blanketi chini ya mguu, huku na huku, mpaka ujione uso. Jioni nyumba ilinukia mboga ya mrenda na mafuta ya taa, redio ikisoma matangazo ya vifo, na nyanya ameinua kidole: “Nyamazeni, nisikie nani ametuacha.”

Mlango wa pili alikaa mvulana wa rika langu. Mjomba wake alitoka ng'ambo akamletea gari la remoti. Kabla ya hapo sote tulikuwa na magari ya waya, na langu lilisifiwa. Asubuhi ile yote yakawa takataka.

Nisimdhulumu: hakuwa mchoyo. Alituacha tutazame, tulibebe, hata tulipanguse. Remoti tu ndiyo hakuiachia mtu. Wavulana wengine walisema remoti si kitu cha wasichana. Yeye hakusema hivyo. Hakukataa pia. Nami nilikuwa nikilala nikiiona ile remoti ndani ya vidole vyangu.

Shida ni kwamba gari lile lilitengenezewa nyumba yenye zulia. Kwenye lami lilikimbia vizuri, lakini kwenye baraza yetu liliteleza kama mlevi, na kwenye vumbi la uwanja wa mpira tairi zilizunguka palepale zikijichimbia kaburi. Siku moja akaja mvulana wa mtaa wa Majengo na gari lake la soko la Gikomba, la mtumba, halina bodi, nyaya zote nje, lakini tairi zake nene. Akalitazama letu akacheka. “Hiyo ni gari ama ni pambo la kabati?” Wakapatana mashindano: kuanzia baraza yetu, kushuka lami, kukata uwanja wa vumbi, kumalizia kwenye bomba la maji.

Jirani akanijia usiku ukikaribia, kichwa chini. “Wewe ndiye fundi wa waya. Ukiitoa kwenye vumbi, nakupa remoti. Raundi moja nzima.”

“Haki ya nani?”

“Haki ya mama.”

Tulipokuwa tukienda nyumbani kwetu, magharibi mwa nchi, kila Desemba, basi likikwama kwenye tope, utingo alishuka akavalisha tairi minyororo. Hilo ndilo nililokumbuka. Nikaenda kwa mzee mshona akala, viatu vya tairi, akanipa mabaki ya tyubu, mpira wa ndani ya tairi. Mara ya kwanza nilifunga mafundo manene: kwenye vumbi gari likapanda kama mbuzi, lakini kwenye lami likarukaruka kama chura mpaka mafundo yakakatika. Nikakata vipande vyembamba, nikavifunga kwenye tairi zote nne, gari likagoma kupinda. Hapo yeye ndiye aliyesema tufunge za nyuma tu, za mbele zibaki kuongoza. Wazo hilo lilikuwa lake, na lilikuwa zuri. Na kwa ajili ya baraza nilipaka tairi soda kidogo, kwa kuwa kanisani nilishaona soda iliyomwagika inavyong'ang'ania kandambili za watu. Nyanya alipokanyaga baraza yake akanasa. “Nani alikwambia sakafu yangu ina kiu?”

Siku ya mashindano yule wa Majengo aliona vile vipande vya tyubu akashika mbavu. “Oneni! Gari yao imevaa marinda!” Uwanja mzima ukacheka. Lakini baraza ikashikika, lami ikapita, na kwenye vumbi marinda yakatambaa bila kusimama. Gari la Majengo lilikuwa mbele kidogo tu, likafika kwenye matope ya bomba kwa kasi, likaanguka ubavu. Tukashinda.

Wakambeba jirani yangu mabegani. Mimi nikabaki kando ya bomba na mabaki ya tyubu mkononi, naangalia nyayo zake zikining'inia juu ya vichwa vya watu. Kusema haki, yeye ndiye aliyeendesha, na aliendesha vizuri. Bado wivu ulinitafuna mpaka macho yakawasha.

Aliposhushwa aliniita mwenyewe. “Wewe, kuja. Raundi yako.” Remoti ilikuwa na joto la jasho lake. Nikabonyeza. Gari likaguna, likanyamaza. Mawe, betri zake, yalikuwa yamekwisha. Marinda yangu yalilifanya livute kama punda kwenye tope, na ndiyo yaliyoyala mawe.

Mawe ya redio ya nyanya hayakuguswa. Tungeyachukua, wafu wangesomwa bila sisi kusikia. Basi tukafanya kama kila nyumba ilivyofanya: tukayaanika mawe juu ya mabati, jua liyaamshe. Nikayalinda mchana kutwa, nikiyageuza kama dagaa wa omena. Alasiri tukayarudisha. Gari likavuka baraza taratibu, kama mzee anayetoka kupokea meza ya Bwana, likashuka kwenye lami, likasimama. Vumbi halikuligusa.

Akachukua remoti yake. “Si umeendesha? Tumemalizana.”

Muhula haukwisha wakahamia mtaa mwingine. Tangu hapo nimeihukumu kesi ile mara nyingi. Ahadi aliitimiza. Mawe niliyamaliza mimi. Kila nikipima, yeye hana kosa, na kila nikipima, roho inakataa.

Siku hizi pale kwetu pameota maghorofa. Baraza haipo, bomba halipo, wala sijaona mtu akianika mawe. Nyanya naye alisomwa kwenye redio ileile, na hakukuwa na mtu wa kuinua kidole.

“Anti, unataka kujaribu?” Msichana wa Tena alikuwa ananinyooshea remoti. Vivi hivi tu, bila mtu kumwapia haki ya mama.

“Mawe yako sawa?”

“Mawe gani? Nimeichaji.”

Nikaliendesha hadi mwisho wa kabro, nikalitia kwenye vumbi la kando ya ua. Likaanza kujichimbia. Nikasema bila kufikiri, “Lete tyubu tufunge.”

“Tyubu ni nini?”

Kabla sijajibu alikwishachomoa tairi laini na kupachika zenye meno, hata jasho hakutoa. Hapo wivu ukanirudia upya, mkali kuliko ule wa kwanza. Lakini niliendesha. Kabro, vumbi, kabro tena, mpaka pale nilipoanzia. Raundi nzima.

Nikamrudishia remoti. “Tumemalizana,” nikasema.

Mtoto akadhani namwambia yeye.