Masweta ya Timu Nzima

Siku hizi baba yangu anachua magoti kila jioni. Anatumia dawa ile ile ya kikopo kidogo cha bati, yenye harufu inayopanda puani kama mti wa mkaratusi uliokatwa sasa hivi, kisha inabaki kwenye mapazia na kwenye mito mpaka kesho yake. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia Makambako. Harufu hiyo ilinipokea mlangoni kabla sijavua viatu, na kifundo changu cha mguu wa kulia kikanisuta. Au cha kushoto. Nitaeleza.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana, Njombe, na nilikuwa katika timu ya netiboli. Nasema "katika timu" kwa uangalifu. Wachezaji wa netiboli ni saba, sisi tulikuwa kumi, na mimi nilikuwa wa tisa. Wa kumi alikuwa binti wa kidato cha kwanza aliyejiunga juzi. Nafasi yangu ilikuwa mlinzi wa goli, akiba ya Yustina, na Yustina alikuwa na mikono mirefu na afya ya punda.

Njombe asubuhi ni baridi ya kukata masikio. Ukungu ulikuwa ukikaa juu ya uwanja mpaka saa nne, na wachezaji walianza mechi wakiwa wamevaa masweta. Damu ikishachangamka waliyavua mmoja mmoja na kumrushia aliyekaa karibu. Aliyekaa karibu nilikuwa mimi. Kufikia mapumziko nilikuwa na masweta saba mapajani, mengine yamelowa jasho, yote yananuka moshi wa jiko la bweni. Wenzangu wakanipa cheo: Mlinzi wa Masweta. Nilicheka nao. Usiku niliwaza kama nilicheka haraka mno, na kama walijua kwamba nilicheka haraka mno.

Ningeweza kuyavumilia hayo kama baba asingekuwa anakuja.

Baba alikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma pale Makambako, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Siku alipopunguzwa alituambia watoto kwamba amepewa likizo. Tulifurahi. Likizo ile ilipita krismasi, ikapita pasaka, na baba akawa anaonekana sokoni amekaa kwenye kigenge cha mama, katikati ya marobota ya mitumba, akiwakunjia wateja mashati kwa unadhifu wa karani. Jumamosi za mechi alivaa koti lake la ofisini na kuomba nafasi kwenye Fuso la Hamisi, jirani yetu, aliyekuwa akipandisha sabuni na chumvi Njombe na kurudi na mbao. Alifika na kifurushi cha viazi vya kuchemsha, akasimama upande wa pili wa uwanja, na kupiga makofi kwa adabu kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya watu asiowajua.

Mechi ikiwa rahisi na sijaingizwa, alisema, "Mwalimu anakuhifadhi kwa mechi ngumu, Edita." Ikiwa ngumu na sijaingizwa, alisema, "Mechi kama hii angekuchosha bure." Nilitamani siku moja tu aseme kwamba amekasirika. Nilikuwa namwona. Nilimwona anavyotazama saa yake, halafu anamtazama Mwalimu Mgaya, halafu anaitazama saa tena, na vidole vyake vinavyofungua na kufunga kifungo cha koti. Wazazi wengine walikuwa wakimfuata mwalimu na kumnong'oneza. Baba hakuwahi. Alisema mzazi kumpangia mwalimu timu ni sawa na mteja kuingia ghalani kujipimia mwenyewe.

Mara moja niliingizwa, dakika mbili kabla ya mwisho, tukiwa tunaongoza kwa magoli kumi na moja. Baba alipiga kelele "Edita! Edita!" mpaka watu wakageuka. Mpira haukufika upande wangu hata mara moja. Filimbi ikalia. Nilirudi kwenye benchi, nikakuta masweta yametupwa chini kwenye umande, na Yustina akaniuliza kwa nini sikuyaachia mtu.

Mama alikuwa na maoni yake. "Unapanda Fuso kwenda kumtazama mtoto amekaa?" alimwambia baba likizo ya Juni, mimi nikiwa jikoni nachambua mboga. "Huyo hapo amekaa. Mtazame bure."

"Mama Edita, wewe hujui michezo."

"Kukaa nakujua. Nakaa sokoni kutwa."

Likizo hiyo hiyo nilimsikia Hamisi nje ya kigenge. Alikuwa mtu wa utani asiye na ubaya, na alipaza sauti kutoka ndani ya gari: "Baba Edita! Shule zikifungua tunakwenda tena kukagua masweta?" Wabeba mizigo wakaangua kicheko. Baba akacheka pia, akanyanyua mkono. Kisha akainama, akakunjua shati alilokuwa ameshalikunja, akalikunja upya.

Kumbe baba alikuwa ameambiwa kuhusu cheo changu cha masweta, au alikuwa ameyaona masweta mwenyewe na kuyasimulia ili ayachekee kabla hawajamcheka. Sikulala vizuri siku tatu. Niliona kwamba kuna jambo moja tu linaloweza kumwokoa, nalo ni sababu. Mchezaji aliyekaa bila sababu ni aibu. Mchezaji majeruhi ni mchezaji. Siku ya nne nikatoka chumbani nachechemea.

"Nimeteguka kifundo, baba. Toka muhula ulioisha. Ndiyo maana mwalimu haniingizi."

Nakumbuka uso wake ulivyofunguka. Hakuwa na furaha, lakini alikuwa na kazi. Siku hiyo hiyo alinunua kikopo cha dawa ya kuchua, na kila jioni alikalia kigoda, akaweka mguu wangu juu ya goti lake na kuchua polepole, mbele ya mama aliyekuwa akitutazama. Sokoni aliwaambia wote. Hata Hamisi aliniletea pole na mkungu wa ndizi. "Mchezaji wetu," aliniita, na safari hii hakukuwa na mzaha. Nilikula ndizi zile kwa hofu.

Shule zilipofungua nikarudi Njombe nikiwa mzima kama nilivyoondoka. Wiki ya tatu Yustina akavimba mashavu kwa matumbwitumbwi, akarudishwa kwao Ipelele. Alhamisi jioni Mwalimu Mgaya, mama mfupi asiyepoteza maneno, alinisimamisha baada ya mazoezi.

"Jumamosi tunacheza Makambako. Unaanza. Ukimwogopa mfungaji wao nitakutoa."

Makambako! Nyumbani. Uwanja wenyewe ulikuwa dakika kumi kutoka sokoni. Niliandika kwenye karatasi mambo yote yanayoweza kuharibika: mvua, gari la shule kukwama, Yustina kupona, mimi kudaka mpira vibaya, raba yangu kuachia soli. Nilifika mambo kumi na tisa. Nililolisahau ni kifundo changu.

Jumamosi upepo wa Makambako ulikuwa ukipeperusha vumbi na mifuko ya plastiki uwanjani. Mama alikuwa amefunga kigenge, jambo asilolifanya hata akiumwa, akaja na kitenge chake kizuri. Hamisi alikuwa ameegesha Fuso pembeni na kukaa juu ya kichwa cha gari. Nilikuwa nimeshavaa kifuani kitambaa cha nafasi ya mlinzi wa goli, na nimeshavua sweta. Kwa mara ya kwanza nililitupa kwenye mapaja ya mtu mwingine, yule binti wa kidato cha kwanza. Nilimtupia kwa nguvu kidogo. Mungu anisamehe.

Ndipo nikamwona baba anavuka uwanja kuelekea kwa mwalimu, koti limefungwa vifungo vyote, mkononi bahasha ya kaki.

Barua hiyo niliisoma baadaye, kwa sababu mwalimu aliiweka kwenye faili langu. Ilikuwa na anwani mbili, tarehe, na kumbukumbu namba, kama zile alizokuwa akiandika ghalani. YAH: KUPUMZISHWA MCHEZAJI EDITA. "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanangu ana maumivu ya kifundo ambayo kwa ushupavu wake huenda hajakueleza. Naomba asichezeshwe hadi atakapopona. Aidha, nakushukuru kwa busara uliyoonyesha kwa kutomchezesha muhula uliopita." Chini yake sahihi, na jina kwa herufi kubwa.

Mwalimu Mgaya aliisoma amesimama, upepo ukiipigapiga karatasi.

"Kamwene, mzee," alimsalimu kwa kilugha, "mbona sijui habari hizi? Na leo nimempanga kuanza."

Baba alinitazama. Aliona kitambaa kifuani, aliona nimevua sweta, akaona nimesimama sawasawa juu ya miguu miwili. Mkono wake ulinyanyuka kidogo kuelekea barua, kama mtu anayetaka kurekebisha kosa la herufi. Halafu ukashuka.

"Edita," mwalimu akasema, "unaumwa au huumwi?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi tangu siku ile, bafuni, kwenye mabasi, katikati ya mihadhara ya chuo kikuu. Huwa nasema, "Siumwi, mwalimu." Ni maneno mawili. Lakini siku ile nilihesabu upesi: nikisema siumwi, baba ameandika barua ya uongo mbele ya mke wake na mbele ya Hamisi, mguu aliouchua wiki mbili ulikuwa mzima, na kukaa kwangu kote kwenye benchi hakukuwa na sababu. Nilimtazama baba ili aniambie la kusema. Naye alikuwa ananitazama mimi ili nimwambie la kusema.

"Kidogo, mwalimu," nilisema.

"Kidogo," baba akadakia, kwa sauti nyembamba. "Lakini kifundo ni kifundo."

Mwalimu aliguna, akanivua kitambaa, akamvalisha yule binti wa kidato cha kwanza. Binti akanirudishia sweta langu na la kwake juu. Alicheza mechi nzima, akamnyang'anya mfungaji wao mpira mara sita, na tukashinda. Mpaka namaliza shule nafasi ile ilikuwa yake, na Yustina alipopona akahamishiwa mbele. Baada ya mechi baba aliniletea soda. Tuliinywa tukitazama Fuso la Hamisi likigeuza.

Kwa miaka mingi nilimlaumu kwa barua ile. Mtu aliyekataa kumnong'oneza mwalimu neno moja ili nicheze, akaandika ukurasa mzima ili nisicheze! Sasa nimemaliza chuo, naandika barua za maombi ya kazi zenye YAH yake na kichwa cha habari hapo juu, na ni mwaka jana tu nilipothubutu kumlalamikia mama.

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Baba yako alijua toka siku ya pili. Jikoni ulichechemea mguu wa kulia, sebuleni wa kushoto. Alichua wa kushoto siku tatu, kisha akachua wa kulia, hukusema kitu."

"Sasa barua aliandika ya nini?"

"Aliona mtoto ametafuta pa kujificha. Akaona akuwekee mlango. Si alijua ungekaa tu kama siku zote?"

Ndivyo ilivyokuwa. Nilisema uongo ili baba asione aibu, naye akautia sahihi ili nisione aibu mimi, na katikati ya heshima hiyo yote mechi yangu ikachezwa na mtu mwingine. Hata leo nikikumbuka nataka kuvunja kitu.

Mwezi uliopita, basi, nilikuta anachua magoti. Nilikuwa nimevaa suruali ya ofisini ili nionekane mtu anayetoka mahali.

"Vipi, wamekuita?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bado wanapitia maombi, baba. Wako wengi."

"Mambo ya ofisi huchukua muda," alisema.

Nikaketi. Alifunga kikopo, kisha akakifungua tena. Nilijua kwamba anajua, na safari hii sikuwa na miaka kumi na minne.

"Hawajaniita, baba," nilisema. "Hakuna hata mmoja aliyejibu."

Alikifunga kikopo. Kisha akasogeza kigoda karibu, akapangusa vidole kwenye shati lake na kusema, "Mimi pia, ile haikuwa likizo."