Wekundu wa Ukuta wa Mama

Sisi tuliokulia ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo, Krismasi yetu haikuanza na nguo mpya. Ilianza na udongo. Mvua za kwanza zikishalamba kuta, akina mama walibeba vikapu kwenda kuchimba udongo wa rangi kwenye vichuguu na kando ya kijito. Mama alisiriba kwa kiganja kuanzia juu, na sisi watoto tuliachiwa chini kwa sababu hatukufika kwingine. Ukuta mzima rangi moja, hauna ua wala ndege. Harufu yake mbichi ilitufuata mpaka kwenye chakula. "Mwenye ataegama ku ukuta leo, hatakula bukari," mama alisema, na kwa habari ya ugali hakuwa anatania. Jua la jioni likiupiga, nilikaa chini nikautazama tu, na hakuna aliyeniuliza naona nini.

Siku hizi naulizwa kutwa. Naishi Nchelenge, upande wa Zambia, napaka rangi kwenye maturubai makuukuu niliyoyashona pamoja hadi yakawa makubwa kama nyumba, na ninachotafuta ni kimoja: ule wekundu wa mama. Nimechanganya rangi za makopo na udongo wa hapa, nikatia majivu, nikatia mawese, wapi. Vijana wa sokoni wakipita huona rangi tupu, wanauliza, "Boss, samaki iko wapi?" Mmoja alikuta turubai langu limetandazwa likauke, akaanika chisense juu yake. Basi samaki wakawepo. Nilichoka hata kugomba.

Juzi nikaupata. Wekundu uleule, mzito, wenye joto. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Nikamwita yaya, dada yangu mkubwa, niliyevuka naye kwa mtumbwi hadi tukapokewa kituo cha wakimbizi cha Kenani, na sasa analima kambini. Wa nyumba ile tumebaki mimi na yeye. Akalitazama turubai kwa muda mrefu, mkono kiunoni.

"Hii ni ukuta ya nani?"

"Ya mama, yaya."

"Hapana. Yetu ilikuwaka manjano. Nyekundu ilikuwa ya Mama Kabwe, jirani, kwenye ulikuwaka unaenda kula kila siku."

Nilikasirika. Tulibishana hadi bukari ikapoa. Nikamwambia macho yake yamezeeka, akaniambia mimi tangu utoto ni mutu wa tumbo. Kibaya zaidi, alipokwisha kuondoka nilifumba macho niutafute wekundu wangu, nikaona manjano.

Watoto wa leo hawanywi hata soda kabla hawajaipiga picha. Huwa nawacheka, lakini afadhali wao. Nyumba yetu haikupigwa picha hata moja. Mvua imeshaimaliza, mama yuko kaburini, walioiona tumebaki wawili, na hatukubaliani.