Mamba wa Katwe

Siku Perpétue alipoambiwa kwamba anaiharibu judo, watoto kumi na wanne walikuwa wamelala kifudifudi kwenye magodoro ya ukumbi mmoja huko Wandegeya, Kampala, wakijivuta kwa viwiko na kucheka. Walikuwa mamba. Yeye mwenyewe alikuwa mbuzi anayevuka mto, na kila mamba alitakiwa amshike mguu na kumwangusha bila kusimama.

Ocaya alitazama kutoka mlangoni mpaka mbuzi akaangushwa. Alikuwa mkufunzi mstaafu wa polisi na ndiye aliyeanzisha klabu ile. Miaka saba ilikuwa imepita tangu avue magwanda, lakini wakubwa kwa wadogo bado walimwita afande. Alipuliza filimbi. Watoto wakakimbilia mstari, mikono ubavuni, vicheko vimekatika. Akamwita Perpétue kando na kumpa fimbo nyembamba ya mpera.

"Madam, mimi nilifundisha askari miaka ishirini," akasema. "Hakuna askari alicheza mamba. Shika hii. Wakicheka, wachape miguu."

Perpétue aliigeuzageuza fimbo mkononi, kisha akamrudishia. "Fimbo hii sitaishika, afande. Na kesho watacheza tena."

"Basi si hapa."

"Sawa. Si hapa," akajibu, akaenda kutafuta viatu vyake.

Waliomwona akishuka ngazi siku ile walisema ni kiburi. Hawakuijua habari ya nyonga yake. Perpétue alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, na alianza judo akiwa na miaka kumi na mmoja katika ukumbi wa parokia. Mwalimu wao aliamini kwamba mtoto hujifunza kuanguka kwa kuangushwa. Siku ya tatu msichana aliyemzidi uzito karibu mara mbili alimbeba na kumtupa, na nyonga ya kushoto ikatoka mahali pake. Alilala nyumbani miezi miwili. Alipopata nafuu alirudi ukumbini, akasimama mstari uleule, na baada ya miaka mingi akafika mkanda wa kahawia. Lakini mguu ule haukupona kabisa. Asubuhi za mvua bado huuburuta kidogo. Tena, watoto ishirini na wawili walianza pamoja naye, na mwaka ulipoisha walikuwa wamebaki wanne. Alipokuwa mtu mzima aliwawaza sana wale kumi na wanane walioacha. Wengine walikuwa na vipaji kumzidi yeye.

Vita vilipomfukuza kwao alikuja Kampala, akapata kazi ya kusuka nywele katika saluni ya Katwe. Nje ya mlango wa saluni wasichana wa mtaa walikuwa wakicheza kwepena kila jioni: wawili wanarushiana mpira wa mifuko ya plastiki, mmoja yuko katikati anaukwepa. Perpétue aliwatazama miezi mingi huku vidole vikiendelea na kazi. Watoto ambao hawajawahi kuvaa koti la judo walikuwa wakigeuza nyonga na kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu kwa namna ambayo yeye ilimchukua miaka mitatu ya kupigiwa kelele kuipata. Wala hawakuwa na habari kwamba wanajifunza kitu. Hapo ndipo alipoamua kwamba akipewa watoto, atawafundisha hivyo. Ocaya alimpa watoto, na baada ya wiki sita akamnyang'anya.

Watano kati yao walikuwa wa Katwe, na hao walimfuata. Hakuwa na mahali pa kuwapeleka. Alienda kwa Sulaimani, Mnubi mtengeneza masanduku ya bati, yale ambayo watoto wa bweni huenda nayo shuleni, kwa sababu nyuma ya karakana yake palikuwa na uwanja mdogo wenye ukuta. Sulaimani aliuliza wangefanya kelele kiasi gani. Perpétue alisema nyingi. Mzee akacheka, maana nyundo zake zilisikika mpaka ng'ambo ya barabara, halafu akatoa masharti mawili: wasianze kabla mafundi hawajaacha kugonga kwa ajili ya sala ya alasiri, na mjukuu wake Husnah awe mmoja wao. Husnah alikuwa na miaka minane. Shangazi zake walikuja juu, wakasema mtoto wa kike hatupwi chini mbele ya watu. Sulaimani aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia uwanja ni wake na mjukuu ni wake, na kesho yake Husnah alikuja na suruali ya michezo, hijabu amejifunga ikamkaa barabara.

Tatizo la kwanza lilikuwa chini penyewe. Vipande vya bati na misumari vilikuwa vimetapakaa kwenye udongo. Perpétue aliomba sumaku za spika zilizokufa, akazifunga kamba, akawagawa watoto makundi mawili: watakaovua misumari mingi ndio washindi. Wakaburuta sumaku wakitembea wameinama, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Ulikuwa mwendo wenyewe wa judo, na hakuwaambia. Baada ya siku tatu uwanja ukawa safi. Magodoro walitengeneza kwa magunia yaliyojazwa vipande vya sponji, yakashonwa pamoja.

Mchezo wa kuanguka aliuita Amsha Jirani. Mtoto anachuchumaa, anajiachia nyuma, na kabla mgongo haujafika chini anapiga gunia kwa mkono mzima. Mlio ukiwa mkubwa, jirani ameamka. Ukiwa mdogo, jirani bado analala, rudia. Mchezo wa kumgandamiza mtu chini aliuita Chapati: mmoja amelala chali, mwingine anamkumbatia shingo na mkono na kumbana, asigeuke upande wa pili. Kulikuwa pia na michezo ya Mkia na Daraja, na ule wa mamba, nao ndio uliowapa jina mtaani. Watu wa Katwe waliwaita mamba wa Sulaimani.

Mwezi wa pili alikuja Guerschom, Mkongo mwenzake, fundi viatu. Mwanawe Tresor, mwenye miaka tisa, alikuwa akipigwa na wenzake njiani kutoka shuleni. Guerschom alisema amemleta mtoto ajifunze kupigana, na kila akimuuliza leo umejifunza nini, anajibiwa kwamba leo alikuwa chapati.

"Papa Tresor, vua viatu ulale chini," Perpétue akamwambia.

Guerschom alitazama huku na huku. Watoto walikuwa wakimsubiri. Akavua viatu, akalala kwenye magunia na suruali yake ya kazi. Perpétue alimwita Tresor, akamwambia atandike chapati, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti. Mtoto alimkumbatia baba yake shingo, akatanua miguu, akakaza. Guerschom alijaribu kumsukuma kwa mikono, ikashindikana. Akajaribu kuinua kiuno, mtoto akahama naye. Hesabu ilipofika kumi na saba alifanikiwa kumpindua kwa nguvu za utu uzima, akaketi huku anahema, shati limejaa vumbi. Alimtazama mwanawe, akavaa viatu, akaondoka. Kesho yake alirudi na turubai kubwa, akaanza kulishonea juu ya magunia kwa sindano yake ya viatu.

Mwaka ulipokwisha watoto walikuwa kumi na mmoja, na walitaka mikanda. Perpétue naye alitaka waipate, kwa kuwa mtoto asiye na mkanda haruhusiwi kushindana popote. Mitihani ilifanyika Wandegeya, kwenye ukumbi uleule, na karatasi zote zilipigwa muhuri na Ocaya. Perpétue alijua hivyo, na bado aliwapeleka.

Mtahini alikuwa mwanamke kijana kutoka Jinja, jina lake Vera, mwenye mkanda mweusi na sauti ya upole. Alimwita Husnah wa kwanza, akamwambia aonyeshe ukemi.

Husnah alisimama tu. "Hiyo siijui," akasema.

Wazazi wa klabu ya Ocaya wakaangua kicheko kwenye mabenchi. Perpétue hakungoja ruhusa. "Husnah," akaita kutoka pembeni, "amsha jirani." Husnah akajiachia nyuma. Mkono wake ulipiga godoro kwa mlio uliojaa ukumbi mzima, na vicheko vikakoma.

Ocaya alisema kocha haruhusiwi kusema neno wakati wa mtihani. Vera alikubali kwamba ndiyo kanuni ilivyo. Aliwapima wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa subira, na kila alipotaja jina la Kijapani walimtazama kama mtu anayeuliza njia ya mji wasioujua. Mwishoni aliwaambia kwamba wanaanguka vizuri na wanabana vizuri, lakini kanuni inadai majina, na majina hawayajui. Wote walikuwa wamefeli.

Kisha Ocaya akatoa karatasi aliyokuwa ameiandaa. Ilisema kwamba mimi, Perpétue, ninakiri kuwa michezo ninayowachezesha watoto si judo, na nimeiacha kuanzia leo. Akitia sahihi, watoto watarudia mtihani mchana uleule, na Ocaya mwenyewe atawasaidia kwa majina. Guerschom, aliyekuja kumtazama mwanawe, alimnong'oneza atie sahihi tu, ni karatasi, wakirudi Katwe wataendelea kama kawaida. Watoto walikuwa wameketi kwenye mstari wakimtazama.

Perpétue aliisoma mara mbili. Kisha akaiweka mezani, akainuka na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

"Nikitia sahihi, nitakuwa nimewaambia hawa kwamba walichojifunza ni uongo. Si uongo. Umewaona kwa macho yako, afande. Hakuna hata mmoja aliyeumia mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Wewe ulibaki na wangapi?"

Ocaya akaivuta karatasi kwake. Perpétue akawageukia watoto. Aliwaambia wamefeli majina, na hilo ni kosa lake yeye, kwa sababu aliyadharau. Wao hawana kosa. Kisha akawaambia wavae viatu.

Walikula kikomando kwenye kibanda cha karibu, maharagwe juu ya chapati iliyokatwakatwa, na hakuna aliyefanya mzaha wa chapati. Husnah aliuliza kama sasa itabidi wawe wanasimama mstari. Perpétue akasema hapana. Itabidi wajue Kijapani kidogo, lakini mstari hapana.

Usiku hakulala vizuri kwa aibu. Alikuwa na haki mbele ya Ocaya na alikuwa amekosea mbele ya watoto, na yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Wiki hiyohiyo akaleta kwepena uwanjani. Anayerusha mpira anataja jina kwa Kijapani. Aliye katikati anaukwepa na kulifanya tendo lenyewe kabla mpira haujarudi. Akikosea, anatoka. Walianza na majina matatu. Kufikia mwezi wa nne Husnah alikuwa akiyataja nyumbani wakati wa kuosha vyombo, na shangazi mmojawapo akaanza kumrekebisha.

Waliporudi Wandegeya baada ya miezi sita, Vera alikuwa mtahini tena. Alisema kesa-gatame, jina la Kijapani la Chapati, nao wakatandika. Alisema ukemi, na ukumbi ukalia kwa mapigo ya mikono. Tisa walipita. Tresor hakupita, na mwenzake mmoja. Tresor alikuwa ameanguka huku amejishika kwa kiganja, kosa ambalo huvunja kifundo cha mkono, na Perpétue alimwambia wazi kwamba naye asingempitisha.

Ocaya aliitoa ile karatasi yake mara ya pili. Perpétue hakuigusa. Alimuuliza Vera kama kuna kanuni yoyote inayosema mtoto lazima afundishwe kwa njia gani. Vera alifungua kijitabu cha kanuni, akapekua kurasa zote bila haraka, akasema hakuna. Akatia sahihi vyeti tisa na kuviacha mezani kwa Ocaya vigongwe muhuri.

Wiki mbili zikapita, muhuri haukugongwa. Ocaya alisema wino umekwisha. Baadaye alisema kamati haijakaa. Jumatatu ya wiki ya tatu Perpétue alikwenda Wandegeya na mteja wake, mwanafunzi wa chuo aliyetaka nywele ndogondogo mpaka kiunoni, akamketisha kwenye benchi nje ya mlango wa ofisi ya klabu, akaanza kusuka. Alikwenda hivyo Jumanne pia, na mteja mwingine, na Jumatano. Wazazi walioleta watoto walipita hapo, wakauliza, na yeye alieleza kila kitu bila kupunguza sauti. Mama mmoja aliuliza madarasa ya Katwe huanza saa ngapi.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, mlango ulifunguliwa. Ocaya alitoka na vyeti tisa mkononi, wino wa muhuri bado mbichi. Alisema ile bado si judo. Perpétue alisema amesikia, lakini hakuinuka. Mteja alikuwa amebakiza mistari miwili kisogoni, na nywele zikiachwa katikati hufumuka. Aliendelea kusuka. Afande alisimama pale na vyeti, amenyooka, akamngoja amalize.