Kompresa Yangu ya Misiera

Nilikuwa naziba pancha za pikipiki hapa Misiera, lakini pampu yangu ya mkono haikuweza kulikaza tairi. Kila gurudumu nililiviringisha hadi Base Camp, makao makuu ya kambi yetu, kwa mzee mmoja mwenye kompresa. Alitoza shilingi mia tano na kujaza nusu, makusudi kabisa, ili kesho urudi. Ukilalamika anakujibu, "Basi nunua yako."

Nikanunua. Niliuza mahindi ya misimu miwili, nikaenda Mbarara, nikarudi na kompresa kuukuu juu ya lori la matoke, nimeikumbatia njia nzima kama mgonjwa. Ilipowaka mara ya kwanza, mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga vigelegele.

Miezi haikupita mingi, yule mzee akaja anasukuma pikipiki. Kompresa yake ilikuwa imekufa.

"Ndugu, nisaidie upepo kidogo."

"Mzee, kwangu hakuna upepo kidogo."

Nilijaza mpaka tairi likalia kama ngoma nilipoligonga. Nikamtoza mia tano ileile, sikupunguza hata shilingi. Kisha nikamwambia alibonyeze tairi kwa kidole gumba, kama nilivyokuwa nikibonyeza yangu njiani nikitoka kwake.

Halikubonyea.