Kaanaeli na mgomba uliomkatia mtandao

Saa tisa kasoro dakika tano alasiri, Akheri wilayani Meru. Upepo umeshaanza kushuka kutoka mlimani. Kaanaeli Mbise (34) anafuta kioo cha kompyuta kwa pindo la kitenge, anakohoa mara mbili, kisha anachungulia dirishani na kupaza sauti: "Mama Ephraimu, shikamoo tena! Uko tayari?"

"Marahaba! Mimi niko tayari tangu saa nane. Wewe fundisha tu!" anajibu jirani yake kutoka shambani.

Mama Ephraimu, mwenye umri wa miaka 61, ameshika kamba ya katani kwa mikono miwili. Upande wa pili wa kamba umefungwa kwenye majani ya mgomba. Anayavuta pembeni na kuyashikilia huko, yasipunge mbele ya dishi dogo la intaneti lililo juu ya paa la Kaanaeli.

Usicheke. Kazi ya mtu imening'inia kwenye kamba hiyo.

Kaanaeli anafundisha Kiswahili wageni walio ng'ambo, kwa njia ya mtandao, akiwa sebuleni kwao. Zamani alifundisha kwenye kituo cha lugha Kijenge, mjini Arusha, lakini mwaka juzi mama yake mzazi alipata kiharusi, mguu wa kulia ukakataa kabisa. Kaanaeli akarudi nyumbani kumuuguza.

"Tuko wawili tu. Mama ananitegemea kuoga, kula, kila kitu," anasema. "Nikasema basi, kazi itanifuata huku huku."

Kazi ilimfuata kweli. Kilichogoma ni mtandao. Analipa Sh70,000 kwa mwezi, lakini kuanzia Agosti ukawa unakatika katikati ya somo. Siku moja ulikatika mara tisa ndani ya saa moja. Kati ya wanafunzi wake saba, wanne wakaaga. Alijaribu bando la simu, lakini kwao ni bondeni, ikawa heri ya jana.

"Unamwambia mtu arudie baada yako, unaona mdomo wake umeganda wazi. Jamani, nilikuwa natamani kulia!" anasema, na hapo hapo anacheka kwa nguvu.

Alipiga simu huduma kwa wateja mpaka wakaijua sauti yake. Fundi, kijana anayeitwa Lengai, alikuja mara tatu, zote asubuhi. Kila akifika, intaneti inakwenda vizuri, hata video haikwami.

"Nilidhani dada ananitania," anasema Lengai. "Nakunywa chai ya watu, naondoka, jioni anapiga tena!"

Kaanaeli naye si mtu wa kukubali yaishe. Alichukua kalenda ya ukutani, akawa anaandika saa ya kila mkatiko. Baada ya wiki mbili akagundua kwamba mtandao haukuwahi kukatika kabla ya saa nane mchana, na siku zisizo na upepo hazikuwa na alama hata moja. Akamwambia Lengai aje alasiri, tena siku ya upepo.

Lengai akapanda juu ya paa, akatazama kuelekea mnara wa mtandao ulioko upande wa Makumira, akaanza kucheka peke yake. Mgomba wa jirani ulikuwa umeshapita urefu wa paa. Upepo ukivuma, majani yanapita mbele ya dishi na kuziba mawimbi.

Dawa? Mlingoti wa chuma wa kuinulia dishi, Sh380,000, fedha ambazo hakuwa nazo. Au panga.

Habari ya panga Mama Ephraimu hakutaka hata kuisikia. Mgomba ule una mkungu wa mshare, ndizi za kupikia mtori, na mke wa mwanawe, Aika, anajifungua mwezi ujao. Mzazi apikiwe mtori wa ndizi za sokoni wakati mama mkwe ana shamba? Thubutu!

"Hata majani sikati. Ukiyakata ndizi zinadumaa, zinabaki kama vidole vya mtoto," anasema. "Nikamwambia, mwanangu, mgomba siukati, ila mikono ninayo. Sema ni saa ngapi."

Saa yenyewe ndiyo hii. Chuo kimoja cha lugha cha Ujerumani kinampima kwa somo moja la dakika 45, wanafunzi watano, na mratibu akisikiliza. Akifaulu, anapata mkataba wa miaka miwili. Akishindwa, kuna nafasi ya ualimu Dodoma inamsubiri Januari, na mama yake atabaki mikononi mwa mtu baki. Sanduku limeshatolewa chini ya kitanda.

Dakika thelathini zinapita, sauti safi. Upepo unazidi. Mama Ephraimu anarudi nyuma, visigino vimezama kwenye udongo. Mara anapiga ukelele: "Mwalimuuu! Bado sana? Mkono umekufa ganzi!"

Ukelele wote unafika Ujerumani. Kaanaeli anafumba macho.

"Huyo ni nani?" anauliza mratibu.

Angeweza kudanganya. Badala yake anaigeuza kompyuta dirishani. "Haya wanafunzi, semeni mnachokiona."

"Mama anavuta kamba!" anasema mmoja. "Kwa nini anavuta?" anauliza mwingine. Wa tatu anapaza sauti: "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, wanangu! Ulizeni upesi!"

Wanauliza habari za mgomba; wakiambiwa unangojwa kwa mtori wa Aika, wanauliza mtori ni nini na Aika atajifungua lini. Dakika 45 zinafika hadi 60, hakuna anayetaka kuaga. Mwishoni mratibu anasema kazi ni yake, mkataba atautuma Ijumaa.

Kaanaeli anatoka mbio peku, anamkumbatia Mama Ephraimu, wanarukaruka migombani kama wasichana. Kisha anaingia chumbani kwa mama yake, ambaye tangu augue huzungumza kidogo na taratibu.

"Mama, siendi Dodoma!"

Mama anamshika mkono, hauachii.

"Mshahara wa kwanza nanunua mlingoti," anasema Kaanaeli, akijifuta machozi. "Wa pili, nianze kumpeleka mama mjini kwa mazoezi ya mguu. Nataka aende kanisani kwa miguu yake mwenyewe."

Sauti nzito inatoka kitandani, neno baada ya neno:

"Anza na mguu."