Siku Niliyomsomea Mzee Simeoni Maisha ya Mtu Mwingine

Jamani, kisa hiki hata mume wangu namkatiza akianza kukisimulia, maana hadi leo nikipita karibu na nyumba ya Riziki hapa Dzaleka, kambini kwetu wakimbizi huku Malawi, navuta kitenge kichwani kama mtu anayekwepa jua, na jua lenyewe halipo.

Mimi ndiye sekretere wa kanisa letu, na ndiye mwenye kompyuta nyumbani (ile kubwa ya mezani, yenye kelele), kwa hiyo mtu akifiwa wanakuja kwangu niandike wasifu wa marehemu, usomwe siku ya kumaliza matanga. Mzee Simeoni yeye alikuja mwenyewe, akiwa mzima, miezi michache kabla hajafariki. Alikaa pembeni yangu siku tatu akinitajia maisha yake ya kwetu Fizi, Kongo, na hasa majina ya watoto wake saba waliokufa vitani, kwa sababu binti pekee aliyebaki, Riziki, alikimbia akiwa mtoto wa mgongoni na hakumjua ndugu yake hata mmoja. "Mi kumutajia na mdomo yangu nashindwaka," akaniambia. "We andika bote. Siku nikienda, abasikie."

Mzee akaenda. Nafungua faili, naona vimraba na alama za kuuliza kutoka juu mpaka chini. Umeme ulikuwa umekatika kompyuta ikiwaka, na faili ikaharibika. Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini Riziki alipokuja kuuliza, "Mama Sekretere, ya baba iko?", nikamjibu, "Iko tayari kabisa, usihangaike" (ulimi huu, jamani!).

Asubuhi ya siku yenyewe ya matanga nikafunga kompyuta ndani ya kitenge, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, nikapanda minibasi, hadi Mchesi mjini Lilongwe kwa fundi mmoja Mmalawi, akahangaika nayo masaa matatu, na mara jina la Mzee Simeoni likatokea juu ya kioo, nikapiga kigelegele mlemle kibandani mbele ya wateja wake. Akaprinti kurasa mbili. "Amayi, onani kaye," akasema, yaani niangalie kwanza, nami nikashukuru tu, zikomo, zikomo, nikazikunja ndani ya Biblia, kompyuta nikaiacha kwake, nikakimbilia minibasi, maana ibada ilikuwa karibu kuanza.

Sasa niwaambie aibu yangu nyingine: wasifu huwa siuanzi upya. Nafungua wa marehemu aliyetangulia, nabadilisha jina la juu, halafu nafuta ya zamani kidogo kidogo nikiandika mapya. Alichookoa fundi kilikuwa cha siku ya kwanza, nilipokuwa nimebadilisha jina tu. Chini kote alikuwa bado Mzee Kashindi, Mungu amrehemu, mtu wa pombe na vituko vyake.

Nikasimama mbele, nikasoma kwa sauti yangu ile ya matangazo: "Marehemu alipenda sana kasiksi." Watu wakatazamana, maana hiyo ni pombe ya ndizi, na mzee wa watu hata soda alikuwa haimalizi. Ningenyamaza! Lakini macho yalitangulia, mdomo ukafuata: "Ameacha wajane wawili."

"Bajane?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma, bila hata kunong'ona. "Si muke yake alikufaka zamani?"

Wengine wakacheka, matangani! Mchungaji akakohoa. Riziki hakucheka. Alikuwa amekaa benchi la kwanza na daftari na kalamu ya bic, anasubiri. "Mama Sekretere, ruka hapo," akasema kwa upole. "Enda kwa batoto."

Nikageuza ukurasa. Watoto walikuwa wa Kashindi, tena wazima, na wawili walikuwa wananitazama kutoka benchi la tatu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo. Nililia, nikaungama yote mbele ya watu.

Riziki akanifuata nje. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Akafungua daftari. "Si uliandika na vidole yako? Niambie yenye unakumbuka. Hata moja."

Nikatafuta kichwani, nikatafuta. Siku zile tatu mzee alikuwa analia pembeni yangu, nami naangalia kama mistari imekaa sawa. Nilichokumbuka ni kwamba jina la mtoto wa nne lilikuwa refu, nililikosea mara mbili. Riziki akaandika hivyo hivyo: wa nne, jina refu. Akafunga daftari.

Nilirudi Mchesi mara mbili, hakikutoka kitu kingine. Sasa naandika kwanza kwa kalamu, mtu mwenyewe akiwa mbele yangu, na tukifika kwenye majina naweka kalamu chini, nafumba macho, namtajia watu wake mmoja mmoja. Nikimsahau hata mmoja, tunaanza upya.